Kumi bora zangu za 1994, na Shawshank ipo namba sita

#1 Kaseti_Nyeusi
Wakuu, salaam.

Nasema hivi: hakuna mwaka uliotoa muvi kali kuliko 1994. Wale wa 1999 najua mtakuja na Matrix yenu, karibuni, ila mtakaa nyuma. Orodha hii ni yangu binafsi, siyo ya Oscar wala ya wachambuzi. Kigezo ni kimoja tu: nikiikuta inaonyeshwa na imeshafika katikati, nakaa mpaka mwisho au nabadilisha chaneli?

10. Timecop. Hadithi ya kurudi nyuma kwenye muda imejaa matundu, lakini Van Damme anapiga msamba juu ya makabati ya jikoni kukwepa shoti ya umeme sakafuni. Inatosha.
9. The Mask. Mwaka huo Jim Carrey alitoa tatu: Ace Ventura, hii, na Dumb and Dumber. Hii ndiyo yenye Cameron Diaz, na ndiyo muvi yake ya kwanza.
8. Forrest Gump. Tom Hanks hana mpinzani, sikatai. Ila Oscar sita?
7. Speed. Basi likishuka chini ya maili 50 kwa saa, bomu linalipuka. Hadithi nzima imeishia hapo na bado huwezi kunyanyuka.
6. The Shawshank Redemption. Najua. Tutaongea.
5. The Crow.
4. Pulp Fiction.
3. The Lion King. Pale mwanzo kabisa jua linapochomoza na Lebo M anapaza sauti kwa Kizulu, hata uwe na miaka 50 unakaa chini.
2. Fist of Legend. Jet Li kabla Hollywood haijamharibu.
1. Drunken Master II. Jackie Chan anakaribia miaka 40, anatambaa kinyumenyume juu ya makaa yanayowaka. Pambano la mwisho na Ken Lo pale kiwandani halijapata la kulizidi mpaka leo. Anayebisha alete lake.

Karibuni, ila bila matusi.

#2 Siti_ya_Mbele
Nimewahi siti. Nasubiri watu wa Shawshank waamke.

#3 Mwana_Sinza
Tumeamka. Shawshank nyuma ya The Crow? Mleta uzi unaumwa au umelipwa?

#4 Bi_Malindi
Mie natazama orodha juu chini, chini juu, Hum Aapke Hain Koun siioni. Agosti 1994, Madhuri na Salman, nyimbo kumi na nne, saa tatu na zaidi, na hakuna aliyenyanyuka hata kwenda msalani. Lile vazi la zambarau la Madhuri mafundi cherehani wa mtaani kwetu hapa Unguja walilishona mpaka wakachoka. Wewe Kaseti ulikuwa ukitazama ngumi tu?

#5 Kaseti_Nyeusi
Shikamoo Bi Malindi. Ndiyo, ngumi tu. Ile picha haina hata adui! Saa tatu nzima nasubiri jambazi atokee, anatokea mbwa.

#6 Bi_Malindi
Marahaba. Na huyo mbwa ndiye aliyepeleka barua ikaokoa jahazi mwishoni, kwa hiyo stelingi ni yeye. Filmfare, wale wa tuzo za picha za Kihindi, waliipa picha bora, na Madhuri akachukua ya mwigizaji bora wa kike. Ken Lo wako kapewa nini?

#7 Mpiga_Hesabu
Turudi kwenye Shawshank. Watu wanasahau kwamba mwaka wenyewe ilianguka. Iligharimu kama dola milioni 25, na mzunguko wa kwanza kwenye majumba ya sinema ya Marekani ikaambulia kama milioni 16. Oscar ikatajwa mara saba, ikatoka mikono mitupu. Leo hiyo hiyo ndiyo inayokaa kileleni IMDb, tovuti ambako watazamaji wanazipa muvi alama, tangu ilipoipita The Godfather mwaka 2008. Kwa hiyo mleta uzi akiiweka ya sita yuko sawa na watazamaji wa 1994 wenyewe. Swali langu ni moja: ilianguka kwa nini?

#8 Mwana_Sinza
Jina. Tim Robbins mwenyewe, aliyecheza Andy, ameshasema watu walikuwa hawalikumbuki jina la muvi. Sasa mtu akifika dirishani kukata tiketi atasema anataka nini?

#9 Dada_Ngara
Jina ni kisingizio. Forrest Gump ni jina la mtu ambaye hakuna aliyemjua, na kumbi zilijaa. Tatizo ni kwamba hii ni muvi ya jela, wanaume watupu, saa mbili na dakika ishirini, mapenzi hakuna, kufukuzana na magari hakuna. Mwanamke unayemkumbuka ni Rita Hayworth, naye ni bango la ukutani. Mtu akikualika Ijumaa jioni kwa maelezo hayo utatoka nyumbani?

#10 Kibanda_Umiza
Mimi nasema ilikutana na lori. Katikati ya Oktoba 1994 ndipo ilipopelekwa majumba mengi, na wiki hiyo hiyo Pulp Fiction inaingia ikiwa na Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Muvi ya kama dola milioni 8 ikavuka milioni 100 Marekani peke yake. Nani angeacha kumwona Travolta akicheza dansi na Uma Thurman aende kuangalia wafungwa wanapaka lami juu ya paa?

#11 Mwana_Sinza
Wafungwa wanapaka lami juu ya paa ndiyo sehemu bora ya muvi nzima! Andy ananing'inizwa ukingoni na askari, badala ya kulia anamfundisha namna ya kukwepa kodi ya urithi wake. Malipo aliyoomba ni bia za wenzake. Wanakunywa juani, wamekaa kwenye lami mbichi, yeye hanywi. Amejitenga pembeni anatabasamu tu. Kama hiyo haikugusi, rudi kwenye misamba yako.

#12 Kaseti_Nyeusi
Inanigusa. Kinachonikera ni Morgan Freeman, msimulizi, kunieleza kila ninachokiona kwa macho yangu. Andy katabasamu, Freeman anakuja kuniambia kwa nini katabasamu. Niachie na mimi nifikirie kidogo, mzee.

#13 Dada_Ngara
Umemgusa Morgan Freeman. Huu uzi sasa unafika kurasa mia.

#14 Mpiga_Hesabu
#10 ameeleza kuanguka, hajaeleza kupanda. Shawshank ilipandishwa na kanda za kukodisha na TV. 1995 ilikuwa miongoni mwa kanda zilizokodishwa sana Marekani. Halafu kuanzia 1997 chaneli ya TNT ikawa inairusha mara kwa mara, kwa sababu ilikuwa kwenye himaya ya Ted Turner na Castle Rock walioitengeneza nao walikuwa humo humo. Kitu ukikikuta kila wikiendi utakizoea, ukikizoea utakipenda.

#15 Dada_Ngara
Tangazo la sabuni nalikuta kila siku na silipendi.

#16 Mbishi_Mstaafu
Vijana, mmeacha Schindler's List na Braveheart. Orodha gani hiyo?

#17 Mpiga_Hesabu
Schindler's List ni 1993, Braveheart 1995. Mzee umepiga nje pande zote mbili za goli.

#18 Mbishi_Mstaafu
Mimi nahesabu mwaka mkanda ulipofika Tabora. Kalenda ya Los Angeles inanihusu nini?

#19 Kibanda_Umiza
Msimcheke, ana hoja. 1994 Bara televisheni ndiyo kwanza inaanza, ITV na wenzao. Muvi tulizipata kwenye deki, mkanda umenakiliwa kutoka mkanda mwingine uliokuwa nao umenakiliwa, nyekundu imevuja mpaka kwenye ukuta, na pale patamu pana mistari myeupe kwa sababu ndipo kila mtu aliporudisha nyuma. Fist of Legend niliijua kwa miaka kama "ile Jet Li ya Wajapani". Jina halisi nimekuja kulijua intaneti ilipoingia. Baadaye nazo zikaja za kutafsiriwa, mtafsiri Lufufu anaongea juu ya kila mtu, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo ilikuwa muvi yenyewe. Sasa mwaka wake ni upi?

#20 Bi_Malindi
Kumbe Bara mmeanza televisheni 1994? Sie Unguja tunayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Haya, endeleeni na mistari yenu myeupe.

#21 Dada_Ngara
Wakenya tuna DJ Afro. Kuna muvi nikiiona na sauti zake halisi naona kama kuna mtu hayupo.

#22 Maskati_Usiku
Salaam kutoka Oman. True Lies hamna? James Cameron na Arnold, ndiyo iliyosemwa kuwa ya kwanza kufikisha bajeti ya dola milioni 100. Zile Harrier ni ndege kweli, zilikodiwa kwa jeshi la wanamaji wa Marekani.

Lakini nikiitazama leo sikai vizuri kwenye kiti. Mwarabu mle ni gaidi, halafu ni gaidi mjinga. Waarabu wa Marekani waliipinga mwaka ule ule, siyo kwamba ni mambo ya kuibuka leo. Ujanani nilicheka na wenzangu. Sasa ninao watoto waliozaliwa huku, wakiniuliza kwa nini wabaya wote wanaongea kama mwalimu wao, sina jibu la haraka. Kwa mapigano ingekuwa ya tatu. Kwa hilo naiweka nje ya kumi.

#23 Kaseti_Nyeusi
@Maskati_Usiku nimekuelewa kabisa. Mimi niliiacha kwa sababu nyepesi zaidi: katikati pale muvi inasimama, Arnold anatumia serikali nzima kumchunguza mkewe.

#24 Mwana_Sinza
Tuongelee The Crow. Mseme ukweli, mnaipenda kwa sababu Brandon Lee alifia humo. Angekuwa hai ingekuwa muvi ya kawaida ya jamaa kajipaka rangi usoni.

#25 Mpenda_Mafumbo
Alifia humo au aliuawa humo? Baba yake Bruce naye alikufa ghafla. Wachina wa magenge hawakupenda siri za kung fu zitoke nje. Unganisheni nukta.

#26 Mpiga_Hesabu
Chai. Bruce alifariki Julai 1973, ubongo ulivimba. Brandon ni 31 Machi 1993, Wilmington, North Carolina. Kabla ya siku hiyo bastola ilitumika kwa picha ya karibu ikiwa na risasi za maonyesho zisizo na baruti. Kichwa cha risasi moja kikang'oka kikabaki ndani ya mtutu, hakuna aliyekagua. Baadaye ikawekwa risasi ya mlio tu, ile yenye baruti bila kichwa. Ilipofyatuliwa ikakisukuma kile kilichobaki, kikampata tumboni. Waendesha mashtaka walichunguza, hawakumfungulia mtu kesi ya jinai.

Vipande vilivyobaki walimalizia kwa mtu wa kumwigiza na kubandika uso kwa kompyuta. Huyo mtu ni Chad Stahelski, ndiye baadaye akamwigizia Keanu Reeves vipande vya hatari kwenye The Matrix, na ndiye aliyekuja kuongoza John Wick.

#27 Mpenda_Mafumbo
"Hakuna aliyekagua." Umeandika mwenyewe. Mimi nimekaa hapo hapo.

#28 Siti_ya_Mbele
Stahelski sikujua! Asante Mpiga_Hesabu. Hii peke yake imelipa bando langu.

#29 Mtu_wa_Bukavu
Bandugu, na Léon iko wapi? Jean Reno, Natalie Portman angali mtoto, Gary Oldman anameza kidonge akitikisa shingo. Filme ya Wafaransa ilipiga Wamarekani kwao New York, na nyinyi munaongea Timecop!

#30 Dada_Ngara
Ya Wafaransa ila imezungumzwa Kiingereza. Mimi pia ningeiweka tano bora, ingawa kuna mambo kati ya yule mtoto na Léon nikiyaona leo nasogeza mbele.

#31 Kibanda_Umiza
Kaseti, tumalizane. Fist of Legend ndiyo namba moja na Drunken Master II ndiyo namba mbili. Nakupa sababu.

Drunken Master II ina waongozaji wawili ndani ya mwili mmoja. Lau Kar-leung alitaka ngumi za kizamani, miguu ardhini, mtindo safi. Jackie akataka vichekesho na hatari. Wakatofautiana, mzee akaondoka, Jackie akaongoza lile pambano la kiwandani mwenyewe. Mshono unaonekana. Hadithi ya muhuri wa mfalme inapotelea njiani, tunabaki na mtu anakunywa pombe ya viwandani anatoa mapovu mdomoni.

Fist of Legend haina mshono. Yuen Woo-ping kapanga kila ngumi na kila ngumi ina sababu. Na zaidi ya hapo, ile ya kwanza ya Bruce Lee ya 1972, Fist of Fury, ambayo hii imeirudia, kila Mjapani ni adui. Hii ya Jet Li ina mwalimu wa Kijapani, Funakoshi, anayepigana naye wakiwa wamefunga vitambaa machoni, upepo wa vumbi, halafu wanaachana kwa heshima. Adui ni jeshi, siyo taifa zima. Waliotengeneza The Matrix hawakumfuata Yuen Woo-ping kwa bahati mbaya.

#32 Kaseti_Nyeusi
Umeongea vizuri na sikubali. Huo mshono ndio utamu. Ken Lo alikuwa mlinzi wa Jackie kazini, siyo nyota, halafu anasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine uko hewani unapiga teke baada ya teke bila kushuka chini. Ngumi za Jet Li unajua atashinda. Hapa nilidhani Jackie atakufa.

#33 Mwalimu_Bayo
Nadandia. Lion King namba tatu naafiki, ila yule Rafiki ana uso wa mandrili, na mandrili yuko misitu ya Gabon na Kameruni, siyo savana. Wachoraji walikuja mpaka Hell's Gate kule Naivasha kutazama mandhari, wakarudi na mnyama asiyekuwepo.

#34 Mpenda_Mafumbo
Na yenyewe iliibwa. Tafuta Kimba, simba mweupe wa Osamu Tezuka, katuni ya Kijapani ya miaka ya 60. Yupo mwanasimba, yupo simba mbaya mwenye kovu jichoni, yupo nyani mwenye hekima.

#35 Mwalimu_Bayo
Leo una hoja nusu. Kufanana kupo na Disney wamekana siku zote. Wengine wanasema ni Hamlet wa Shakespeare tu kavalishwa manyoya. Na vipande vingi vinavyosambaa mtandaoni vya Kimba ni vya muvi ya 1997, yaani baada ya Lion King, kwa hiyo angalia nani kaiga nani.

#36 Kigali_Leo
Mimi ni wa Kigali. Aprili mpaka Julai mwaka huo kwetu hakuna aliyewaza sinema, na wengi hawakuiona Agosti. Hizi zote nimeziona ukubwani. Nazipenda, Shawshank kuliko zote. Endeleeni, ila mkisema mwaka mtamu wengine tunapita kimya.

#37 Kaseti_Nyeusi
Pole sana ndugu yangu. Tumekusikia.

#38 Bi_Malindi
Mungu awarehemu.

#39 Maskati_Usiku
@Kigali_Leo pole. Ukipata nafasi tuambie kwa nini Shawshank.

#40 Kigali_Leo
Kwa sababu ya yule mzee Brooks, mtunza maktaba. Anatoka jela baada ya miaka hamsini, yuko huru na hawezi kuishi. Watu wanakumbuka Andy kwenye mvua, mikono juu. Mimi nakumbuka Brooks anafungasha bidhaa dukani na mikono inauma. Na, Mpiga_Hesabu, hiyo muvi niliiona bila TNT, mara ya kwanza ikanitosha.

#41 Mpiga_Hesabu
Hapo sina takwimu.

#42 Mbishi_Mstaafu
1994 ni Kombe la Dunia bwana, muvi baadaye. Yekini wa Nigeria anaifunga Bulgaria, anashika nyavu analia. Fainali Baggio wa Italia anapaisha penalti. Nani alikuwa na muda wa Van Damme?

#43 Mwana_Sinza
Mzee hilo ndilo tukio la kwanza umelitaja kwa mwaka sahihi.

#44 Dereva_Mstaarabu
Nimesoma kimya, naongelea Speed maana ni fani yangu. Maili 50 ni kama kilomita 80 kwa saa. Basi la mjini, limejaa abiria, kona ya kulia, halipinduki? Na lile ruka daraja lililokatika, basi halina mteremko wa kulirushia, linanyanyukaje?

#45 Mpiga_Hesabu
Basi lilirushwa kweli, kwa njia panda iliyofichwa. Pengo ndilo la uongo: barabara ilikuwa nzima, kipande kilifutwa kwa kompyuta. Ilikuwa Los Angeles, barabara kuu mpya ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa.

#46 Dereva_Mstaarabu
Sawa. Ila ingekuwa daladala bomu lingelipuka kituo cha kwanza, konda ameona abiria watatu.

#47 Bi_Malindi
Nimekumbuka kitu kuhusu swali la #7. Mwaka huo huo Bombay walitoa Andaz Apna Apna, Aamir na Salman. Ilianguka vibaya. Leo hakuna mpenda picha za Kihindi asiyejua maneno yake kwa moyo. Haina jela, ina wanawake wazuri wawili, inachekesha, jina si gumu. Kwa hiyo Mwana_Sinza na Dada_Ngara, sababu zenu zote mbili hazisimami.

#48 Dada_Ngara
Zinasimama kwa Shawshank. Hiyo ya Bombay ianguke kwa sababu zake.

#49 Bi_Malindi
Na wewe Kaseti, kama ni ngumi, katafute Mohra. Ya 1994 hiyo hiyo. Akshay Kumar, Suniel Shetty, na Naseeruddin Shah anakugeuka mwishoni hutaamini. Ukiimaliza urudi useme Timecop inakaa hapo kwa haki gani.

#50 Kaseti_Nyeusi
Mohra naitafuta wikiendi hii, na ikiwa kama unavyosema, Timecop inatoka. Shawshank haisogei. Halafu mwenye Drunken Master II ya Kikantoni aseme. Niliyonayo ni ile waliyoitoa Marekani 2000, wameiwekea Kiingereza, muziki wamebadilisha na kipande cha mwisho kabisa wamekikata.

#51 Kibanda_Umiza
Ninayo kwenye mkanda, nzima na mwisho wake. Deki ndiyo imekufa kichwa. Ukiwa na fundi njoo nayo.